Bonde la Maji, Unguja mpaka Pemba

Nilipokuwa mtoto kule Maliba, shangazi yangu alikaa kwenye mlima unaotazamana na wetu. Baba alikuwa anasimama uani anamsalimia kwa sauti, naye anajibu, hata anauliza kama mbuzi amezaa. Basi siku niliyotumwa kumpelekea mihogo nilidhani nitarudi kula mchana. Wapi. Ushuke mpaka mtoni, upande tena, magoti yanalia, jua linazama. Nililala huko, kwa shangazi mchoyo wa chumvi, lakini hayo tuyaache. Shule niliiacha mapema, ila somo hilo nililishika: umbali si wa macho, ogopa bonde.

Sasa binti yangu wa mwisho anapika hotelini kule Unguja. Mwezi uliopita alinipigia simu kwamba wanamhamishia Pemba, kisiwa kingine, na kesho yake atapanda ndege, ile ndogo. Hajawahi kupanda. Nikamuuliza ni mbali? Akasema ni kama kutoka nyumbani Bwera mpaka Fort Portal, ila chini ni maji matupu. Akaahidi kupiga akishatua.

Njia ya Fort Portal naijua. Unapita Kasese, pale Hima unakwama nyuma ya malori ya simenti, unafika umezeeka. Na hiyo ni nchi kavu. Maji yale niliyaona kama bonde lisilo na chini. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikaenda kwa mama mmoja aliyevuka kutoka Butembo, anayeuza chai na maharage karibu na mpaka. Binti akapiga, akasema ndiyo anaingia ndani, anazima simu. Pale kibandani alikuwapo mwanajeshi mstaafu, tunamwita afande, ambaye kila siku alitusimulia alivyopanda ndege za jeshi. Nikamuuliza yeye safari hiyo inachukua muda gani. Akasema ndege ndogo juu ya bahari inapigana na upepo, nisubiri mpaka jioni.

"Akipiga mbele ya jioni, muzee," akaongeza, "ujue ndege imerudi. Iko na shida."

Chai ikanishinda. Mama bado anakoroga maharage, simu ikalia. Ni binti.

"Imeharibikia wapi?" nikauliza.

"Nini, Baba? Niko Pemba. Nimeshachukua begi."

"Pemba yenyewe?"

"Yenyewe. Nusu saa tu. Hata kuogopa sikumaliza."

Nikakaa, nikacheka mpaka machozi. Kumbe ndege haishuki mtoni ikapanda tena. Inavuka kama ile salamu ya baba. Nikainywa chai yote, imepoa, tamu hivyohivyo.

Mama akapiga ishara ya msalaba, kisha akageuka. "Afande, jioni yako imefika mbio sana. Maharagi yangu bado haiive."

Tukacheka wote, isipokuwa yeye. Akafuta midomo, akavaa kofia, akatoka polepole kuelekea barabara ya Kasese. Nilimwita aje tule pamoja, siku ya furaha hii. Hakugeuka, na kibandani pale hajarudi mpaka leo.