Kijiko Kimoja kwa Kikombe

Pale Lipangalala, Theodosia alisifika kwa kipimo. Ukimpelekea mtoto aliyekonda hakulaumu. Alikuuliza mtoto ana kilo ngapi, akapiga hesabu ya kalori kichwani, akakutajia vijiko. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, na sifa zile alizipenda mno, tusifichane.

Basi Apolonia, maziwa yalipomkauka, alimpelekea Omega, mwanawe wa kwanza, pamoja na pakiti ya unga wa lishe wa aina mpya. Theodosia alisoma mgongo wa pakiti, akaona namba ya nishati ni kubwa ajabu, mara nne ya unga aliouzoea. Badala ya kuitilia shaka, akaifurahia.

"Unga huu una nguvu, mama Omega. Kijiko kimoja kwa kikombe. Usizidishe, utamharibia tumbo."

Wiki chache baadaye Apolonia alirudi.

"Shikamoo, mama. Mbona uji wenyewe kama maji ya kuoshea mchele?"

"Marahaba. Kati yangu na wewe, nani amesomea lishe?"

Apolonia akainamisha kichwa, akarudi nyumbani kukoroga kijiko chake kimoja.

Omega akakonda, mbavu zikahesabika. Na mtoto akikonda hivyo, watu hawaulizi habari za uji. Wanasema amebemendwa, yaani mama yake amelala na mwanamume kabla mtoto hajakomaa. Kwa Apolonia ushahidi waliupata upesi, kwa kuwa aliwahi kumfuata mumewe Fulgensi bondeni alikokuwa akilinda mpunga, akalala huko. Mama mkwe wake, Ursula, hakunong'ona. Aliyasema kisimani, aliyasema hata kwenye jumuiya, mpaka binti wa watu akaacha kwenda kusali.

Theodosia aliyasikia yote hayo akanyamaza. Alidhani hayamhusu.

Siku moja, dukani Kibaoni, alishika pakiti ya biskuti, akaigeuza kwa mazoea tu. Nishati ilikuwa imeandikwa mara mbili: namba kubwa ya kilojuli, na chini yake namba ndogo ya kilokalori. Kalori moja ni juli nne na ushee, jambo alilolijua tangu mafunzoni. Kwenye unga wa Omega aliiona namba, hakutazama imeandikwa kwa kipimo gani. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini safari hii mguu uliovimba ulikuwa wa mtu mwingine. Alijichukia pale pale, mbele ya mwenye duka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Ursula, hata kiti hakukikubali.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusema kosa ni langu. Namba ilikuwa ya kilojuli, mimi nikaisoma kama kalori. Mtoto amekuwa akila robo ya chakula chake. Mkweo hana hatia."

Ursula akamshika mkono kwa huruma.

"Mwanangu, una moyo mzuri. Lakini usibebe mzigo usio wako. Mwenyewe ameshakiri."

Theodosia akageuka. Apolonia alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, amempakata Omega.

"Nilikiri, mama," alisema taratibu. "Walisema ni mimi, nikakataa. Baadaye nikawaza, kipimo cha mama Theodosia hakijawahi kukosea. Basi mwenye kosa atakuwa mimi."

Theodosia aliingia jikoni, akapika uji mwenyewe kwa vijiko vinne, ukatokota ukawa mzito. Ulipopoa akamnywesha Omega. Mtoto alikunywa bila kupumua, na kikombe kilipoisha akakishika kwa mikono miwili, akalia.

Ursula akafurahi, akawaita majirani waje waone.

"Nilisema mimi! Msichana ameharibu, Theodosia ametengeneza. Mkono wa huyu mama una baraka."

"Si hivyo, mama, nimekwambia ni mimi," Theodosia alisema.

Majirani wakatikisa vichwa, wakamsifu na kwa unyenyekevu wake pia. Apolonia naye akapiga goti, akamshukuru.