Mama Mapendo Alikuja Bofa

Mimi ni mwongo. Natangulia kusema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu, maana aibu yangu sipendi ibebwe na mtu mwingine. Lakini haya ninayokueleza sasa si uongo. Yalinikuta mchana, jua liko utosini, nina akili zangu zote na tumbo limeshiba. Usipotaka kuamini, basi. Hasara yangu nilikwisha kuipata.

Kwanza unijue. Shule niliishia darasa la tatu, huko bara ya Ganze. Nimechimba mawe kwenye timbo mpaka viganja vikawa kama gome la mti, nikawa utingo, msaidizi wa dereva wa malori, nikanunua lori langu, na leo nina nyumba za wageni hapa Bofa, nilizozijenga bila kushikwa mkono na mtu. Hilo ni kweli, nenda kaulize. Uongo wangu ulikuwa mmoja tu: kwamba nimefika Rwanda, nchi ya milima.

Sikufika. Safari ile niliyokuwa nifike, homa ilinishika tukiwa Malaba, mpakani mwa Uganda. Dereva akaniacha kwenye chumba cha kulala madereva, akaenda zake, akanipitia akirudi. Njia nzima alinisimulia: barabara inavyouzunguka mlima kama kamba kwenye pia, ukungu unavyoingia mpaka ndani ya gari, mabonde yaliyojaa majani ya chai. Tulipofika Mariakani maneno yake yalikuwa yamekwisha kuwa yangu. Nikashuka nyumbani nikasema nimefika. Nani angenibishia?

Na mwongo, nikwambie, hawezi kuacha barabara tupu. Lazima aweke mtu. Mimi nikaweka mwanamke. Mjane kijana, anauza chai kwenye kona kali juu ya bonde. Mtoto wake nikamwita Mapendo, jina nililolisoma kwa taabu nyuma ya lori moja pale Malaba. Yule mama nikampa mguu wa kuburura, kwa sababu nilijua kuuigiza na watu walicheka. Nikasema alinipenda, akalia nilipoondoka. Mke wangu Kadzo alinuna, na mimi nikaona fahari.

Mtoto nilimwua baadaye, kwenye matanga ya mjomba wangu. Mtu mmoja wa Vitengeni alikuwa anasimulia kisa cha fisi, na watu wote wamemgeukia yeye. Hata chai nilisahauliwa. Mimi, mwenye lori, nimekaa pembeni kama kifurushi. Nikakohoa, nikasema, "Fisi si kitu. Mimi nimeona mlima ukimeza mtoto." Nikawaeleza mvua ilivyonyesha, mlima ulivyoporomokea kibanda, nilivyochimba kwa mikono hii nikamtoa Mapendo akiwa amekwisha kufa. Wanawake walilia. Fisi akasahauliwa yeye. Nikaletewa kiti chenye mgongo.

Toka hapo kila penye watu niliombwa kile kisa, na kila mara Mapendo alikufa.

Sasa, binti yangu Dama kazi yake ni kutembeza wageni. Anawachukua Watamu, anawapeleka Marafa kuona lile korongo jekundu. Mwaka huu akasema amechoka kuwaonyesha wengine dunia. Likizo atawatembeza watu wake. "Tutakwenda Rwanda kwa gari, baba, tukaione hiyo milima. Tupite njia yako ileile. Na tulale pale kwa Mama Mapendo. Kama yu hai, tumwamkie."

Kadzo naye, yule aliyenuna, akaenda mjini Kilifi akamnunulia Mama Mapendo doti ya leso. Maandishi yake: Pole si dawa, huliwaza. "Miaka yote namwonea wivu," akaniambia, "kumbe mwenzangu amezika mtoto. Dama ampelekee."

Nilitamani ardhi ya Bofa ipasuke kama ile ya Marafa, nitumbukie.

Jioni ndiyo tulikuwa tukae kupanga njia. Mchana wake Kadzo na Dama walikwenda sokoni, nikabaki barazani peke yangu. Kiangazi, mchanga unachoma. Ghafla nikasikia baridi miguuni. Kisha harufu ya mvua, na mbingu nyeupe haina hata wingu. Kisha nikasikia mtu anakuja kwenye kokoto za uani: hatua moja, halafu mburuzo. Hatua, mburuzo.

"Hodi hapa."

"Karibu," nikasema, maana mdomo hujibu wenyewe.

Alikuwa kijana, hajazeeka hata kidogo. Nguo zinachuruzika maji, tope jekundu limempanda mpaka magotini. Na hapa Bofa udongo mwekundu uko wapi? Niamini, nilimjua kabla hajafika ngazini. Wewe usingemjua mtu uliyemchonga mwenyewe? Kila nilichowahi kukisema alikuwa nacho: mwanya wa meno, kitambaa cha kijani, mikono mirefu ya kumimina chai. Na nisichokisema hakuwa nacho. Macho yake sikuwahi kuyasimulia. Mpaka leo siwezi kukuambia pale palikuwa na nini.

"Utingo," akaniita. Jina hilo sijaitwa tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. "Siku hizi hutoi kiti?"

Kiswahili chake kilikuwa changu, cha huku kwetu, chenye Kigiriama ndani. Angetoa wapi kingine? Ulimi nilimpa mimi.

"Kaa, mama," nikasema.

"Mama wa nani?"

Yeye akajipiga paja. "Mguu huu siku nyingine ulisema wa kulia, siku nyingine wa kushoto. Sasa inauma yote miwili, kwa zamu. Hilo nimekusamehe, watu walitaka kucheka. Na kule kulia ulipoondoka nimekusamehe pia, ingawa nikikutazama sioni cha kuliliwa."

Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilitazama vidole vyangu.

"Lakini Mapendo, Utingo, huyo namchimbua kila mara. Wewe ukikaa matangani ukakohoa tu, mimi kule nausikia mlima unaanza. Mtoto yuko mlangoni anacheza. Namwita. Haji. Na haji kwa sababu wewe hujawahi kusema kwamba alikuja."

"Unataka nini kwangu?"

"Wanao wanapanga njia leo. Wakifika kwenye kona yangu, sema alitolewa mzima. Neno dogo tu. Ulimwua mbele za watu, mrudishe mbele za watu."

"Nitasema."

"Apa."

Nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Akageuka, akazunguka ua, na ile baridi ikamfuata. Ngazini aliacha unyayo mmoja mwekundu na mfuo mrefu kando yake. Nikachota maji nikapaosha, mimi ambaye sijashika ufagio tangu nioe. Hata hivyo sikupaosha vizuri, maana Kadzo aliporudi aliuliza, "Nani ameburura gunia hapa?"

Jioni tukakaa mkekani. Dama aliweka simu katikati, ramani inang'aa, na wajukuu wamelala kifudifudi kuizunguka. Mume wa Dama, mkwe wangu, ni mwalimu wa shule Malindi. Mtu wa adabu, haniiti ila baba, lakini ninaposimulia hunitazama kama anayetafuta kosa la kupiga kalamu nyekundu. Wakapanga: hapa watakula, hapa watalala, Nakuru watapita asubuhi. Walipotaja Malaba niliinamisha macho. Kampala, Kabale, na mpaka wa Rwanda wakauvuka.

"Hapa sasa ndipo kwako, baba," Dama akasema. "Kona iko wapi?"

Nikaweka kidole kwenye kioo popote tu. Njia yenyewe ilikuwa imejipinda kama funza.

Mjukuu wangu mdogo akaweka chake kando ya changu. "Hapa ndipo Mapendo alipofunikwa, sivyo babu?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nililitafuna tangu mchana, limekuwa laini, lilibaki kutemwa tu. Lakini mwalimu aliinua kichwa, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. "Hebu tusimulie tena, baba," akasema taratibu, "leo tuko juu ya ramani."

Nikaona nikikibadilisha kisa leo, amenikamata. Mtu aliyekulia kwenye chaki angemcheka mzee aliyejijenga kwa mawe. Na Kadzo, aliyekaa na leso mapajani, angejua miaka yote alikuwa anauonea wivu upepo.

"Alifunikwa," nikasema. "Nilimtoa mwenyewe. Alikuwa amekwisha kufa."

Radi haikupiga. Kadzo alipangusa macho, mwalimu akarudi kwenye ramani, na mambo yakaendelea. Lakini wewe pima mwenyewe. Mara zile zote za nyuma nilimwua mtoto asiyekuwepo. Mara hii nilimwua mtoto wa mama aliyesimama ngazini kwangu akaniomba, nami nikamwapia.

Waliondoka. Mimi nilisingizia goti.

Waliporudi, aliyenijia wa kwanza alikuwa mwalimu. Aliinama mpaka chini. "Shikamoo, baba. Naomba unisamehe. Nilikuwa na shaka na wewe."

Dama alikaa karibu nami. "Kona iko palepale ulipoweka kidole. Kibanda kipo, chai ipo. Tumemkuta mwanamke kijana, tukadhani ni mjukuu wake, maana anachechemea vilevile. Nikampa leso. Hakuuliza imetoka kwa nani. Akatupeleka nyuma ya kibanda, akaitandika juu ya kaburi dogo."

"Akasema nini?"

"Akasema, mwambieni Utingo pole yake imefika. Nani huko anakuita Utingo, baba?" Kisha akapunguza sauti ili watoto wasisikie. "Na udongo wa lile kaburi ulikuwa mbichi. Kama limefukiwa siku tulipokuwa hapa mkekani."

Unadhani sikujaribu tena? Nimejaribu. Kwenye matanga yaliyofuata nilisimama mbele za watu nikasema Mapendo alitolewa mzima. Watu wakatazamana. Mwalimu, yuleyule, akanitetea: "Baba amechoka. Kaburi tumeliona kwa macho yetu." Nikasema basi nilitunga yote, sikuwahi kuvuka Malaba. Kadzo akanishika mkono kwa huruma, akawaambia wenzake, "Ni uchungu, mume wangu alimpenda sana yule mtoto." Wakanipa kiti chenye mgongo.

Kisa hakiko mikononi mwangu tena. Wajukuu wanakisimulia shuleni. Dama anawasimulia wageni wakiwa njiani kwenda Marafa, na anajua kukisimulia kuliko mimi. Wageni hutoa vitambaa wakafuta machozi. Na siku wanayokisimulia mimi huwa najua, maana alfajiri yake nakuta ngazi ina tope jekundu, unyayo na mfuo. Simu ya kuniambia mimi sihitaji. Nachukua ndoo naosha kabla Kadzo hajaamka. Heshima yangu Kilifi haijawahi kuwa kubwa kama sasa, na kila anayeniamkia barabarani naona kama amenitemea mate.

Basi wewe unayenisoma, sikia la mzee asiye na kisomo. Ukitaka kudanganya, jidanganyie kuhusu lori lako, nyumba yako, nguvu zako. Mtu usimtunge. Na ukimtunga, usimwue ili upate kiti, maana hujui amesimama wapi akikusikiliza.

Na najua kisa hiki utakisimulia. Mimi usinisitiri, niite mwongo, ndilo jina langu. Ila ukifika kwenye kona, nakuomba kama ninavyoweza kuomba mimi nisiyezoea, msaidie yule mama. Sema mvua ilinyesha, sema mlima ulishuka. Kisha sema Mapendo alikuwa mlangoni anacheza, mama yake akamwita, na akaja mbio.