Somo la Picha Iliyokatwa

Mwaka huo nilipewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili namna ya kuzipima habari za kwenye simu, wajue ipi ya kweli na ipi ya kupikwa. Kazi nilipewa, vitabu sikupewa. Nilipouliza ofisini niliambiwa vimejaa tele mtandaoni, nijichotee.

Nikajichotea. Nilipata picha ya papa akiogelea katikati ya barabara iliyofurika, katika mji ambao hata jina lake lilinishinda kulitamka, na chini yake swali: je, picha hii ni ya kweli? Watoto wa hapa kwetu Tezo papa wanamjua sokoni, akiwa mkavu. Kisha mwongozo wa mwalimu ukanishauri niwapeleke wanafunzi kwa mkutubi wa mtaa wetu. Nilicheka, lakini ndani nachemka. Waliotunga masomo yale hawakukosa, waliwaandikia watoto wao. Waliokosa ni hawa wakubwa wetu, wanaotuachia tuokote vya wenzetu ilhali uongo unaotuua ni wa hapa hapa.

Na uongo wenyewe haukukawia. Asubuhi moja mwalimu mwenzangu alirusha picha kwenye kundi letu la walimu: bikizee mwenye kichwa cheupe pe, amekaa chini peke yake, ungo mapajani. Sauti iliyofuatana nayo ilisema huyo ni mchawi, amenaswa alfajiri huko Junju baada ya kuanguka na ungo wake. Chini mwenzangu ameandika, "Kama nilivyopokea." Watu wa huku huyaandika maneno hayo wakadhani wameshanawa mikono.

Nilimfuata chumba cha walimu. "Mwalimu, una hakika na ulichotutumia?"

"Mimi sikusema ni kweli. Nimetuma kama ilivyonijia."

"Na nyoka akikujia, utamrusha mapajani mwangu?"

Akaendelea na chai yake. Nilikasirika, maana alijua kama nijuavyo mimi: huku wazee wanauawa kwa shutuma kama ile, mara nyingine na jamaa zao wenyewe, na mvi zao ndizo zinazoitwa ushahidi.

Picha ilikuwa imeshawafikia na wanafunzi. Darasani msichana mmoja hakuinua uso kipindi kizima. Wenzake walipotoka, alinijia.

"Mwalimu, yule wa kwenye picha ni hawe," alisema, kwa neno la kwao la bibi. "Picha nilipiga mimi, kwa simu ya mama. Tulikuwa tunapepeta kunde nyumbani. Junju hata hapajui."

Mama yake alikuwa ameiweka mtandaoni jamaa waione. Mtu fulani akaichukua, akaikata upande, akaipachika ile sauti. Nilimwuliza msichana kama angeniruhusu niifundishie. Alisema ndilo lililomleta kwangu.

Kesho yake nilibandika ubaoni picha zote mbili, iliyokatwa na nzima. Sikuwa na haja ya kueleza mengi. Katika ile nzima palikuwa na gunia la kunde, kuku wanadonoa makapi, na mjukuu mdogo anacheka mpaka macho yamefumba. Kijana wa nyuma akaonyesha kivuli: kifupi, cha jua la saa sita mchana. Alfajiri gani hiyo? Darasa zima lilighadhibika, nami nikawaacha waghadhibike. Mwenzangu aliifuta picha yake kundini kimya kimya, bila hata samahani, na hilo sijamsamehe.

Jumamosi nilifuatana na msichana hadi kwao. Nilikuta bibi amekaa kwenye kigoda, binti yake, mama wa msichana, amesimama nyuma yake na bakuli mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimweleza jinsi watoto walivyoubaini ule uongo hatua kwa hatua, mpaka kivuli. Nilijivuna kidogo, nakiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mungu awabariki hao wa darasa lako," alisema. "Wao sasa wanajua. Na hiyo picha, mwalimu, imefika kwa nani na nani?"

Bibi akainamisha kichwa, na binti yake akaendelea kumpaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, mpaka usingeweza kuona mvi hata moja.