Majani Mazuri ya Njia ya Nyamirembe

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, wazee wa ukoo wetu wameketi juu ya magogo kando ya zizi, pale kwetu Didia, kila mmoja ana kibuyu cha maziwa mkononi na hakuna aliyekuwa akinywa. Walikuwa wanabishana juu ya bandari. Watu wa Didia, ambao wengi wao hawakuwahi kuona maji makubwa kuliko ya lambo, wanabishana juu ya bandari! Nami ndiye niliyekuwa chanzo cha ubishi huo.

Nilikuwa nimempata mchumba. Jina lake Leokadia, Mzinza wa kisiwa cha Maisome, aliyekuja hospitalini Kolandoto kujifunza uuguzi. Baba yake, Mzee Kagoma, alikubali mahari ya ng'ombe, ila alitaka wafike kisiwani wakiwa hai kabla ya mvua za vuli. Wasipofika, binti angepewa mwalimu mmoja wa hukohuko ambaye alikuwa amekwisha kutuma wazee wake. Ng'ombe wenyewe hawakuwa wangu. Baba alitoa, wajomba wakatoa, baba mdogo Shilinde akatoa fahali wake wa pekee huku amenuna. Kwetu ukoo unachanga mara moja. Ukiwapoteza njiani, hakuna atakayefungua zizi lake mara ya pili, utaoa fimbo yako ya kuchungia.

Basi njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwaswaga ng'ombe mpaka Mwanza, kungoja meli inayozunguka visiwani, na kushukia Maisome. Uzuri wake ni kwamba njia ilijulikana, malambo yalijulikana, na bandarini palikuwa na zizi na bwana mifugo. Ubaya wake ulikuwa foleni. Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo sukari, sabuni, hata kiberiti vilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma, na kila mtu alimwona mwenzake mlanguzi. Tulisikia kwamba Mwanza ukimpa mgongo ng'ombe wako, ukigeuka unakuta umeshika kamba tupu. Njia ya pili ilikuwa kupita Kahama, kukata misitu ya upande wa Geita, na kutokea Nyamirembe, bandari ndogo iliyo karibu zaidi na kisiwa chenyewe. Safari ya majini ingekuwa fupi na foleni hakuna.

Aliyeileta habari ya Nyamirembe ni kijana wa kijijini kwetu, Maduhu. Alikuwa ameishi machimboni huko Geita, akarudi na saa ya mkononi na viatu vya kung'aa. Alikuwa mcheshi, anayejua kuwaamkia wazee mpaka wanajisikia watemi.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema asubuhi ile. "Mwanza mtaibiwa, mimi nawaambieni. Kule Nyamirembe kuna majani yanafika kifuani! Ng'ombe watafika wamenenepa, mkwe atashangaa. Mimi mwenyewe nitawaongoza, na sitaki kitu."

Wazee wakatazamana kwa furaha. Mwanangu, wewe hujui kiangazi cha Shinyanga cha wakati ule kwa mtu mwenye ng'ombe. Tulikuwa tunapigana marungu kwa sababu ya mabua ya mtama. Ukimwambia Msukuma wa Didia kwamba kuna mahali majani yanafika kifuani, umemlaza na kumfunika. Hakuna aliyeuliza habari ya meli, wala ya boti, wala ya gati. Tuliipima bandari kama tunavyopima malisho, na kwa kipimo hicho Nyamirembe ilikuwa imeshashinda.

Ndipo shangazi yangu Nyamizi, dada mkubwa wa baba, aliposimama mlangoni mwa zizi na ungo wake wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Hakuwa ameitwa kwenye kikao, lakini shangazi hakuwa mtu wa kungoja kuitwa.

"Maduhu, ng'wanawane, mwanangu," alisema, "hayo majani, nani anachunga hapo?"

"Hakuna mtu, shangazi. Ndiyo raha yake! Ni yenu peke yenu."

"Sisi huku tunatoana ngeu kwa mabua. Huko majani yanafika kifuani na hakuna hata mbuzi. Wenyeji wa huko ni vipofu?"

Watu wakacheka. Maduhu naye akacheka, lakini akaanza kuizungusha saa yake mkononi. Baba mdogo Shilinde hakucheka, alimgeukia shangazi kwa hasira.

"Wewe tunakujua," alimwambia. "Ulitaka kijana amwoe Holo, binti wa rafiki yako. Sasa unatafuta pa kuivunjia ndoa hii. Ng'ombe wakichelewa Mwanza, furaha ni yako."

Na ilikuwa kweli kwamba alimtaka Holo. Alikuwa amelisema wazi kisimani, sokoni na kanisani, kwamba msichana wa kisiwani atanifundisha kula samaki na kusahau kwetu. Kwa hiyo hata mimi nilimwangalia kwa jicho baya. Nilijua moyoni kwamba ndiye adui wa harusi yangu, na Maduhu ndiye rafiki.

Shangazi hakukana. Aliweka ungo chini, akajifuta unga mikononi.

"Sawa, nishukuni," alisema. "Mkimaliza kunishuku mimi, mshukuni na yeye. Mimi mnajua ninachokitaka, nimekitangaza kijiji kizima. Huyu anayewapenda bila kutaka kitu, anataka nini?"

Kisha akanigeukia mimi, akaninyooshea kidole. "Na wewe bwana harusi, unakaa hapo mdomo wazi. Nenda ukaione njia kabla ng'ombe hawajaiona. Ukifika kwenye hayo majani usiyatazame majani. Tazama chini, utafute mavi ya ng'ombe."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo nilikuwa nausikia tangu utotoni, lakini asubuhi ile hakuna aliyeukumbuka. Nilikubali kwenda, si kwa kumwamini shangazi, bali nipate kumfunga mdomo. Maduhu alijaribu kunizuia, akasema ni kupoteza muda, siku zinakwenda. Alipoona nimeshabeba mfuko wa michembe, akasema basi atanisindikiza. Hapo ndipo kitu kidogo kiliponichoma kwa mara ya kwanza, maana njia aliyoisifu hivyo, kwa nini asitake niione?

Tulidandia lori la pamba, tukashuka, tukaingia msituni kwa miguu. Na kweli, mwanangu, majani yalikuwepo. Yalikuwa mabichi, laini, yamesimama mpaka kifuani, na kijito cha maji kinapita katikati. Nilitaka kulia kwa uzuri wake. Nikawaza ng'ombe wetu waliobaki mbavu tupu, nikawaona wamezama humo mpaka pembe. Halafu nikatazama chini.

Hapakuwa na mavi, mabichi wala makavu. Hapakuwa na kwato kwenye tope la kijito, wala yangeyange mmoja, ndege ambao hawakosi kuwafuata ng'ombe. Nilitembea huku na huko kama mtu aliyepoteza sindano. Maduhu akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nimedondosha kisu. Hapo kitu kikaniuma mgongoni kupitia shati, maumivu ya kuchoma, nikapiga kofi na kukitazama kiganjani. Inzi mkubwa wa kijivu, amekunja mabawa yake moja juu ya jingine.

"Inzi tu wa porini," Maduhu alisema haraka mno.

Babu zetu walituhadithia habari za mbung'o, kwamba mahali alipo yeye, ng'ombe hana maisha. Anamuuma leo, baada ya siku kadhaa ng'ombe anaacha kula, manyoya yanasimama, machozi yanatiririka, anakonda huku majani yako mdomoni mwake. Wenyeji wa kule hawakuwa vipofu hata kidogo. Hofu ilinishika, lakini nilicheka na kusema majani haya ni mazuri kweli, twende mbele.

Mbele kulikuwa na kambi ya wachimbaji. Vibanda vya nyasi, mashimo wanayoyaita maduara, vijana weupe kwa vumbi la mawe. Maduhu alijulikana na kila mtu. Pembeni palikuwa na bucha la miti, na nyuma yake ngozi nyingi za ng'ombe zimewambwa chini. Mwenye bucha, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimkumbatia Maduhu, kisha akanitazama mimi.

"Ndio wale wa mahari?" aliuliza. "Mbona mmekuja mikono mitupu?"

Maduhu akamkonyeza, lakini mwenye bucha hakuona, au alidhani mimi ni mwenzao. Akaendelea kunieleza kwa ukarimu. "Msiogope, bwana. Wakishapita hapo msituni wanaanza kulegea. Msihangaike kuwavusha ziwa. Mimi nawachukua wakiwa bado wanasimama. Wachimbaji hawaulizi nyama imeumwa nini."

Nikageuza macho kwenye ngozi nisionekane usoni, na hapo nikaona chapa. Mwezi mchanga na nukta chini yake. Hiyo ilikuwa chapa ya Mzee Ngusa, jirani yetu wa Didia, mzee asiye na mtoto wa kiume mkubwa. Mwaka uliotangulia alimkabidhi Maduhu ng'ombe wake awapeleke kisiwani kwa wakwe zake, na Maduhu akarudi analia, akasema boti imepinduka, ng'ombe wote wamezama. Sote tulikwenda kumpa pole Mzee Ngusa, tukalilaumu ziwa, hakuna aliyemlaumu Maduhu. Maduhu naye alikuja, akakaa mkekani pamoja na wafiwa wa ng'ombe, akanywa uji wao.

Mwanangu, nilitamani kumrukia. Lakini nilikuwa peke yangu katikati ya watu wake. Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba tutarudi na ng'ombe juma lijalo, na nikamwomba mwenye bucha anipe ngozi moja ya kulalia. Akafurahi, akaniambia nichague. Nikaichukua ile yenye mwezi. Maduhu aliitazama, akanitazama mimi, na tangu hapo alitembea nyuma yangu mpaka lorini. Aliteremka Kahama akidai ana shughuli. Didia hakuonekana tena, ingawa wazee walituma watu kumtafuta.

Mzee Ngusa nilimkuta nyumbani kwake. Niliitandaza ngozi miguuni pake. Alipapasa ile chapa kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ziwa lilikuwa halina kosa." Mimi nikalia, yeye hakulia.

Basi tulipita Mwanza. Sikudanganyi kwamba ilikuwa raha. Tulingoja foleni mpaka fahali wa baba mdogo akaanza kutuchukia. Niliwashuku wapagazi, nikamshuku bwana mifugo, nikamshuku hata mama muuza uji. Kwa kuogopa wezi nilijifunga kamba ya fahali kiunoni, na meli ilipopiga honi, mnyama aliruka akaniburuta gatini mbele ya abiria wote. Wapagazi wale niliowashuku ndio waliomkamata, wakanifungua huku wamekufa kwa kicheko. Hakuna aliyetuibia hata mkia. Shangazi Nyamizi alikuwepo, maana alikataa kubaki nyumbani, na alicheka kuliko wote.

Maisome tulimkuta Mzee Kagoma ufukweni amejifunga shuka, amesimama mbele ya mlango wa zizi lake uliofungwa kwa miti mitatu. Tukamwamkia. Hakuwatazama ng'ombe. Hakutoa hata kigoda cha kukalia.

"Mmepitia wapi?" aliuliza.

"Mwanza, baba," nilijibu.

Akamtazama shangazi, kana kwamba hamwamini kijana. Shangazi akasema, "Mwanza. Angalia suruali ya mkweo ilivyochanika gatini." Mzee akanitazama magotini, ndipo akaitoa ile miti mmoja mmoja. Baadaye alituambia kwamba waliletwa ng'ombe wengine kabla yetu, waliopita msituni kwenye mbung'o, na aliwarudisha palepale mchangani pamoja na vijana waliowaleta.

Jioni ile tukila samaki, nilimuuliza shangazi kwa nini aliiokoa harusi asiyoitaka. Alitoa mwiba mdomoni kwanza.

"Huyu msichana sikumtaka," alisema, "na mpaka sasa simtaki sana. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu. Nikitaka kukushinda nitakushinda kwa maneno, siwezi kukuacha uingie shimoni."

Leokadia alimsikia. Ndiye huyo bibi yenu, na ndiye aliyemuuguza shangazi mpaka siku yake ya mwisho, wakigombana kila asubuhi juu ya chumvi ya mboga.

Sasa nimesikia, mwanangu, kwamba kuna rafiki amekuonyesha njia isiyo na foleni, na kwamba hataki kitu. Simjui, simhukumu. Kuuliza si ujinga. Muulize mbona wenyeji hawaipiti. Nenda kaione kwa miguu yako kabla hujapeleka mali ya ukoo, na ukifika kwenye majani mazuri, inamisha kichwa utafute mavi. Foleni ndefu inaudhi, ila waliosimama humo wako hai wa kukusimulia. Na yule anayekupinga hadharani usimfukuze upesi kikaoni. Msikilize kwanza, kisha mkasirikie ukipenda.

Nenda, mwanangu. Mungu akuepushe na mbung'o wa porini na wa mjini. Akupe shangazi mkali, akupe subira ya gatini, na popote utakapofika, mwenye zizi akikuuliza umepitia wapi, uweze kumjibu ukimtazama usoni.