Walimwambia Aseme Lori

Asubuhi moja tulikuwa tunapalilia pamba, shamba la chini, kule Nyamuswa. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo unanata kwenye jembe. Mume wangu Wambura alikuwa ameacha kazi, amesimama katikati ya mistari anamwigiza mnunuzi wa pamba wa Bunda, yule mwenye tumbo, anavyoinama kusoma mizani huku ameshikilia suruali isianguke. Nikamwambia, "Baba Nyangeta, pamba haipaliliwi kwa mdomo." Akanijibu kwa sauti ileile ya mnunuzi kwamba pamba yangu ni chafu, daraja la pili, nirudi nayo nyumbani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alikuwaga hivyo. Alimwigiza padri, alimwigiza fisi, alimwigiza mama yake mzazi anatafuta ugoro ambao ameukalia. Msibani walimwita makusudi ili watu wapumue. Kitu kimoja tu kilimshinda, herufi L. Kikwetu hatuna L. Sisi kulala tulisema kurara, kula tulisema kura, na lori ni rori. Hakuna aliyeona ni kasoro. Nyamuswa nzima tulisema hivyo na ng'ombe walituelewa.

Hilo mlishike kabla sijaendelea, maana ndilo lililomuua. Wako wanaosema aliuawa na adui. Wako waliosema alikuwa mpelelezi. Sasa kuna na sinema. Wote waongo, na mimi nimezeeka, adabu ya kunyamaza nimeimaliza.

Vita ya Uganda ilipoanza tuliisikia kwenye redio ya jirani. Musoma mjini watu walitundika blanketi madirishani, wakachimba mahandaki, watoto wakafundishwa kulala kifudifudi wakisikia ndege. Kwetu vita ilikuja kwa kuombwa. Vijana waende. Ng'ombe watolewe, wanajeshi wale. Wambura alikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo, hawakumchukua, na jambo hilo lilimuuma. Akasema basi atamtoa Radi. Radi alikuwa dume letu la rangi ya majivu, nundu imelalia upande mmoja, dume ambalo watu walikuja kuliangalia tu. Nikamwambia atoe yule mtamba mkorofi anayepiga teke.

"Mwanaume anatoa dume," akasema.

Nilinuna njia nzima mpaka Bunda.

Walimpokea Radi, wakamwingiza zizini na wenzake. Bwana mmoja akampa Wambura mkono, akamwambia asante ndugu, taifa linakushukuru. Tukaondoka na kamba tupu begani mwake. Njiani akawa anamwigiza yule bwana, kidevu juu, mkono umenyooka kama mpini. Alikuwa na furaha. Sijamwona na furaha kama ile hata siku ya kunioa.

Tulipokaribia kwetu kandambili yangu ikakatika. Nikakaa kando ya njia kuifunga kwa uzi wa katani, chumvi na sabuni nimeziweka chini. Yeye akatangulia.

Asubuhi njia ile ilikuwa wazi. Sasa kulikuwa na gogo limelazwa katikati, na vijana.

Walikuwa mgambo, si wa kwetu, wameletwa kutoka mbali. Walipewa bunduki, hawakupewa mtu mzima wa kukaa nao. Walikuwa wameambiwa wapelelezi wa Uganda wameshuka kutoka ziwani, na watawajua kwa matamshi. Nimebeba mzigo kichwani, nakuja, nikawasikia kabla sijawaona sawasawa.

"Unatoka wapi, mzee?"

"Bunda. Nimetoka kupereka ng'ombe."

"Kufanya nini?"

"Kupereka ng'ombe. Kwa wanajeshi."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Si nimeshapereka."

Wakaangaliana.

"Sema lori."

"Rori."

Wakacheka. Na yeye akacheka.

"Sema lala."

"Rara."

Nilimwona kwa nyuma. Alikuwa ameweka mkono kiunoni, vile alivyokuwaga akianza kuigiza. Alidhani ni mchezo. Alidhani amepata watazamaji.

"Mganda huyu," mmoja akasema. Huyo hakuwa anacheka tena.

Wambura akasema atawaitia yule bwana aliyempokea ng'ombe, awaeleze. Akageuka kurudi Bunda. Akaniona. Akafungua mdomo, nadhani anitume.

Mlio mmoja.

Akaanguka na kamba yake.

Chumvi ilimwagika, sijui niliitupa au ilianguka. Nilikimbia na kandambili moja. Bunduki ikageukia kwangu.

"Na wewe mama, sema lori."

"Lori," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Ulimi ulikwenda wenyewe kule juu, nyuma ya meno, mahali ambapo haukuwahi kufika. Nikasema, "Huyu ni mume wangu. Tumetoka kupeleka ng'ombe." Kila L mahali pake, kama nimezaliwa nayo.

Bunduki ikashuka. Halafu mmoja, ndevu hata hazijaota, akaniuliza kwa hasira kama mimi ndiye niliyekosea:

"Mbona wewe unasema vizuri? Sasa yeye alishindwa nini?"

Hilo swali sijalisamehe. Risasi naweza kusema ni woga. Swali lile halikuwa woga.

Msibani alikuja kiongozi mmoja. Akaniita pembeni, akaniambia, "Mama, huu ni wakati wa vita, tusigawanyike. Waambie watu ameuawa na adui." Nikamuuliza ni adui gani aliyefika Nyamuswa. Akamaliza chai yake, akavaa kofia, akaondoka. Na kwa kuwa hakuna mkubwa aliyesema wazi, watu wakajazia wenyewe. Mtu hapigwi risasi na mgambo bure. Lazima alikuwa na lake. Binti yangu Nyangeta alipoanza shule alirudi analia, wenzake wanamwita mtoto wa mpererezi. Na walisema hivyohivyo, kwa R. Hawakujua wanachosema kinatosha kuwaua na wao.

Nikahama. Nikaja Musoma, nikapanga chumba Mwisenge, nikauza dagaa na maandazi mpaka Nyangeta akasoma. Masista wakamsaidia akaenda Uingereza kusomea unesi, akaolewa hukohuko, akazaa mtoto wa kiume. Akampa jina la baba yake. Kwa hiyo mjukuu wangu ni Wambura, na mimi, kama bibi yeyote, namwita mume wangu. Watu wanacheka. Mimi nikimwita hivyo sitanii kama wanavyodhani.

Huyo ndiye mwigizaji mnayemsikia. Alitakiwa awe mtu wa dawa za hospitali. Siku moja mama yake akanipigia simu analia: ameacha chuo, anasema anataka jukwaa. Nikamwambia, "Mwache. Hicho kitu hakukiokota barabarani."

Alianza kwa kushika mkuki mlangoni pa mfalme, usiku baada ya usiku, bila neno. Akazunguka na kikundi kwenye gari bovu, wakiigiza kwenye kumbi za miji midogo, wanalala wamebanana na mapazia. Halafu televisheni. Mgonjwa. Mwizi. Dereva teksi. Mgonjwa tena. Nilikuwa nachukua simu na kwenda nayo mtaa wa Iringo kwa wenzangu wa kikundi cha akina mama, tunajibana kuangalia, na kila mara kabla hatujamaliza chai ameshakufa. Mama Pendo akaniuliza, "Shoga, mbona mtoto wako kila siku wanamuua?" Nikampigia.

"Mume wangu, huko hawana mwingine wa kuua?"

"Ndiyo kazi iliyopo, Bibi."

"Wakuue basi hata mwisho mwisho."

Alicheka sana. Akaniambia pia kwamba kila wakimpa kazi wanamwomba aongee Kiingereza cha Kiafrika. Nikamuuliza, Mwafrika wa wapi. Akasema, "Hawajui, Bibi. Wanataka tu kisikike kigeni." Amejifunza ndimi za watu wote, mabwana wakubwa na makuli, watu wa visiwa vya mbali, watu wa Nigeria. Kisha wakampa kuwa mfalme mwenyewe, London, jukwaa kubwa, na magazeti yakaandika. Picha yake na taji niliitia fremu nikaitundika sebuleni karibu na ya Yesu. Padri aliiangalia mara mbili.

Akaja mwenyewe, na watu wa sinema. Ilikuwa sinema ya babu yake, aliwashawishi yeye. Alikaa hapa Mwisenge sebuleni kwangu, nikamwambia umekonda mume wangu, nikampikia sato, halafu nikamweleza yote. R na L. Kicheko. Kamba. Aliposimama kujaribu, akaweka mkono kiunoni bila mimi kumwambia. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Walipigia picha upande wa Butiama, njia ya vumbi kati ya mawe makubwa. Nikawekewa kiti cha plastiki na mwavuli. Gogo lilikuwepo. Vijana walikuwepo. Lakini sare zile hazikuwa zetu.

"Hao ni akina nani?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Wanajeshi wa Uganda, Bibi. Nilibishana nao. Wanasema watazamaji hawataelewa mtu kuuawa na watu wa kwake."

"Watazamaji gani? Mimi nimeelewa."

Wakaanza. Mjukuu wangu akaja na kamba begani, wakamsimamisha, akasema, "Nimetoka kupeleka ng'ombe." L safi, ya pwani. Walikuwa wamemletea mwalimu wa Kiswahili kutoka Dar, binti mmoja nadhifu, akamnyoosha ulimi wote. Halafu akapiga magoti, akalia, akaanza hotuba juu ya nchi yake.

Nikasimama.

"Kwa L hiyo," nikasema, "babu yako angefika nyumbani akala ugali. Na hakupiga magoti. Alicheka."

Akainuka. Akawatafsiria. Yule mkubwa wao, anayesema anza na simama, alinitazama kwa upole ambao sikuupenda, akakubali mara moja tu, kumridhisha bibi. Mjukuu wangu akarudi nyuma. Akaja. Mkono kiunoni. Akatabasamu.

"Nimetoka kupereka ng'ombe."

Alikuwa yeye. Namwambia anayesoma hapa, alikuwa yeye, na shamba la pamba likafunguka mbele yangu.

Yule mwalimu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. "Samahani kaka Wambura, ni kupe-le-ka." Na wale wa kubeba taa wakacheka, na vijana wa kwenye gogo wakacheka, na bunduki zao mkononi.

Kilikuwa kicheko kilekile.

Nikamwambia, "Binti, hapo ulipocheka ndipo walipompiga."

Aliziba mdomo kwa mkono. Lakini kazi ikaendelea, kwa L.

Sinema ilipokuja Musoma waliionyesha ukumbini, wakanikalisha mbele. Ilikuwa na magoti, machozi, hotuba na muziki. Taa zilipowashwa watu walinikumbatia. Hongera mama, mzee alikufa shujaa. Mmoja wao nilimtambua, tulisoma naye kipaimara, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza Wambura alilipwa nini na Waganda. Akanishika mikono yote miwili. Nikaitoa.

Sikuomba shujaa. Niliomba mtu mmoja mwenye sauti aseme kwamba Wambura hakuwa mpelelezi, na aliyemuua ni wa kwetu, na sababu yake ni matamshi. Uongo mmoja wameufuta kwa kupaka mwingine juu yake. Wa kwanza ulinifanya nihame. Huu wa pili unataka nishukuru.

Nilimwambia mjukuu wangu hayo yote kwenye simu, na nikamwambia najivunia yeye, na nikamwambia nimemkasirikia, kwa pumzi hiyohiyo. Baadaye akapata chumba kidogo juu ya baa, kule London, kiti na kamba tu. Anaigiza peke yake, hakuna adui, hakuna hotuba. Anasema kwa R.

"Wanakuja wachache, Bibi."

"Wanacheka?"

"Mwanzoni wanacheka."

"Halafu?"

"Halafu wananyamaza. Wanaanza kuangaliana."

"Waache waangaliane."

Radi aliliwa na wanajeshi, na vita tulishinda. Dume simdai mtu. Pamba ile ilivunwa na shemeji. Mume wangu yuko Nyamuswa, na juu yake wameandika amelala kwa amani, kwa L, maana fundi alitoka mjini. Mimi nikienda huko ndugu zangu wananicheka. Wanasema naongea kikwetu kama mgeni, L inaniponyoka katikati ya maneno.

Jumapili mjukuu wangu ananipigia. Anaanza kwa sauti ya babu yake, anajua inanifurahisha. "Bibi, umeraraje?"

Ningependa kumjibu nimerara vizuri, mume wangu. Nimejaribu, hata nikiwa peke yangu jikoni. Ulimi unagoma. Unakwenda wenyewe kule juu, nyuma ya meno, na kukaa hapo unasubiri kuulizwa.

"Nimelala vizuri," namwambia.