Kwa Wenye Viza, Mke wa Mtu Si Mtoto

Tangu alipoitwa ubalozini kwa mahojiano ya viza, muoka mikate aliishi roho juu. Chumvi aliitia mara mbili, mikate ikatoka hailiki, na msimamizi wake akamtania kuwa bila shaka kuna mtu kamchanganya. Laiti angejua! Ilikuwa hofu tupu.

Baba yake alihamia ng'ambo yeye akiwa bado anavaa sare za shule. Alipopata ukaazi wa kudumu huko, akamwombea viza kama mtoto wake ambaye hajaolewa. Ombi likalala usingizi wa pono. Miaka ikaenda, baba akaanza kuugua figo, na bado kimya. Mwisho watu wakakata tamaa, kila mtu akashika hamsini zake. Muoka mikate akapendana na seremala wa mtaa wa nyuma, mwanamume mpole mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope, wakafunga ndoa. Baba mwenyewe, kwa furaha, alituma viatu vyeupe vya bibi harusi! Hakuna hata mmoja katika ukoo mzima aliyejiuliza kama harusi ina uhusiano na viza. Wangejiulizaje? Kwao, mtoto akiolewa haachi kuwa mtoto.

Kumbe kwa wenye viza anaacha. Baba alikuja kuambiwa na jirani yake huko huko, akapiga simu.

"Mwanangu, usije ukasema umeolewa. Watafuta ombi lote hapo hapo. Na mimi, mama, sina miaka mingine ya kusubiri."

Shangazi, aliyekuwa kando akisikiliza simu, na ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akadakia, "Kwani ndoa imeandikwa usoni? Vua pete, funga mdomo, basi."

Seremala alikuwa anabandua gundi kwenye kucha. Akasema, "Nenda ukamwone baba, mke wangu. Mimi utaniita baadaye."

Basi pete ikavuliwa. Ila kidole kilibaki na alama, na muoka mikate akawa anatoka nyuma ya jengo la mikate kila mchana kukianika juani, kama anayekausha dagaa. Gari likisimama nje ya nyumba alidhani wamekuja kuchunguza. Aliondoa picha za harusi ukutani, kisha akaiogopa hata misumari iliyobaki, akamwomba mumewe aing'oe. Seremala akaing'oa mmoja mmoja.

Siku ya mahojiano seremala alimsindikiza mkewe, akaketi kwenye benchi la saruji nje ya geti. Ndani, muoka mikate alisimama mbele ya dirisha la kioo. Ofisa alikuwa mama mmoja mwenye mafua, anayefuta pua kila baada ya swali.

"Inua mkono wa kulia. Unaapa kusema kweli?"

"Naapa."

"Umeolewa?"

Alimfikiria baba na zile figo zake.

"Hapana."

"Hujawahi?"

"Sijawahi." Neno lilitoka laini mno, hata akajiogopa mwenyewe.

Ofisa aligonga kibodi, akatabasamu. "Umepata. Lakini nisikilize vizuri. Usiolewe kabla hujaingia kule. Na tukija kugundua kwamba leo ulikuwa na mume, utarudishwa, na huyo mume naye asahau kukanyaga kule."

Muoka mikate alitaka kusema kitu. Alisema asante.

Muoka mikate alipotoka getini na karatasi ya kupewa viza mkononi, askari mmoja mwenye maneno mengi alimwona seremala akiinuka mbio, mikono wazi, tayari kumkumbatia.

"Eh, dada, huyu mtu ameungua na jua hapa tangu asubuhi. Shemeji yetu, sio?"

Muoka mikate aligeuka. Madirisha yote ya ubalozi yalikuwa mgongoni kwake, na hakujua ni lipi lililokuwa na mtu nyuma yake. Hofu ikamjibia.

"Hapana! Ni kaka yangu." Alisema kwa sauti kubwa, ili hata wa ndani wasikie.

Seremala alisimama pale pale. Mikono ikamshuka. Kisha akasogea, akamwangalia mkewe usoni, akampa mkono mmoja kama mtu anayesalimiana na mgeni.

"Hongera, dada," akasema.