Kurumbiza na Papai la Marikiti

Katika mji wetu huu ndege mwenye kiwanja ni kunguru. Sisi wengine ni wapangaji wake. Huzunguka majaa ya Bondeni asubuhi, akishiba huja kutua juu ya ukuta wa ua wangu hapa Mji wa Kale, akanitazama vile askari wa kanjo amtazamavyo muuza mahamri.

Mimi nilikuwa fundi wa kanzu. Macho yaliponistaafisha, wenzangu wakanikaribisha barazani kwenye kahawa na umbeya. Umbeya sikatai, una faida zake, lakini mimi nilitaka ndege aimbaye. Uani nina mkomamanga ambao haujapata kuzaa komamanga la kuliwa na mwanadamu. Nikautundikia papai la Marikiti, lile lililoiva mpaka muuzaji aona haya kulitaja. Kunguru wakanishukuru sana.

"Shekhe," jirani yangu mama mmoja akaniuliza toka dirishani kwake, "wafuga kunguru? Paka wamekwisha?"

Nikafuma tundu la waya, vijitundu vyake vya kupita mdomo mwembamba tu, papai nikalifungia ndani. Watu hufunga ndege, mimi nikafunga papai. Kunguru wakatukana siku kadhaa, wakasusa. Ndipo akaja kurumbiza, wa manjano kama bizari, na sauti ambayo wallahi ningempa mtu kanzu bure kwayo.

Lakini kurumbiza si ndege wa kusikizwa tu. Kwetu akilia nyumbani, mgeni yuaja. Mwenye nyumba humwambia, "Kama ni kheri, lia tena." Akilia tena, huongezwa mchele. Sasa ndege aliyejaa papai mpaka kooni, ukimwambia alie tena, atakataa kwa nini?

Mke wangu akawa hupika vya wageni kila siku. Mgeni wa kwanza alikuwa msoma mita ya maji. Alilishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatoka akipepesuka, mita hakuiona. Wa pili ni yule yule jirani wa dirishani, aliyekuja kuomba ndimu.

Nami nilijua mchele ule ni wa nani. Tuna binti, kitinda mimba wetu, ameolewa Kizingo. Idi moja mamake alimwambia mbele ya mawifi zake kwamba biriani yake haina chumvi. Basi. Hakukanyaga tena kwetu. Kizingo na hapa, ukipanda tuktuk na karanga mkononi, hufika hujazimaliza. Lakini wao walikuwa wameweka bahari katikati. Mama hampigii, mwana hapigi, wote wawili wana heshima zao, na mimi ndiye nilaye kiporo.

Nikaona nitoe lile tundu. Ndege nampenda, lakini kumtazama mke wangu akifunika sahani ya ziada kila adhuhuri sikuweza. Nilikuwa naifungua kamba nikamsikia ndani anazungumza na simu. Masikio yake mazito, husikiliza kwa kipaza sauti, kwa hivyo mtaa mzima hushiriki.

"Sikukupigia kwa jambo," asema. "Ni huyu kurumbiza. Kila siku alia, namwambia alie tena, alia. Na mgeni simuoni. Watu watasema nyumba yangu ina ndege mwongo."

Kisha sauti ya binti yangu: "Mama, ndege huyo afuata papai. Baba ndiye amtegaye. Jirani kashanambia."

"Najua. Hilo papai wadhani hukatwa na nani? Babako kisu hajui kiko wapi."

"Basi waniita?"

"Mimi? Mimi sikukuita. Akuitaye ni ndege."

Nikaifunga kamba pale pale, mafundo mawili.

Ijumaa baada ya sala akaja. Gari la mumewe halipiti vichochoroni mwetu, akaliacha mbali, akaingia ametota jasho, amebeba bakuli la biriani kafunika kwa kitambaa. Akanibusu mkono. Mamake akalifunua bakuli, akaonja kwa kidole, akasema, "Chumvi imezidi."

Nikaona kwisha. Binti akamwangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Wakaingia jikoni, wakafunga mlango, wakapiga soga mpaka alasiri. Na mimi mwenye ndege, hakuna aliyekumbuka kunipakulia.